Fistula ya Njia ya Haja Kubwa: Upasuaji Unaolinda Misuli ya Choo

Wakazi wengi wa Uasin Gishu wakisikia neno fistula huwafikiria akina mama walioumia wakati wa kujifungua. Ipo fistula nyingine, ya njia ya haja kubwa, nayo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Haizungumzwi sana kwa sababu ya aibu.

Huanzia kwenye tezi ndogo zilizo ndani ya njia hiyo. Tezi ikiziba, huingiwa na viini na kuwa jipu. Jipu likipasuka maumivu hupungua, na mgonjwa hudhani amepona. Lakini kati ya theluthi moja na nusu ya majipu haya huacha mfereji mwembamba unaotoka ndani hadi kwenye ngozi. Usaha hutoka, tundu hujifunga, uvimbe hurudi na kupasuka tena. Wengi huita hali hii bawasiri na kununua dawa ya kupaka, mwezi baada ya mwezi. Dawa za viini hutuliza tu. Mfereji wenyewe kwa kawaida huhitaji upasuaji.

Hapo ndipo hofu huingia: je, baada ya kupasuliwa mtu ataweza kuzuia choo? Swali hilo lina msingi. Njia ya haja kubwa imezungukwa na misuli miwili, wa ndani unaojibana wenyewe na wa nje ambao mtu huubana kwa hiari. Mfereji usio na kina hupasuliwa wote ukaachwa upone kuanzia chini, na wengi hupona vizuri. Ukipita katikati ya misuli, kuukata wote ni kuikata misuli pia, na choo au hewa huweza kumtoka mtu bila kutaka.

Kwa mifereji ya aina hiyo, daktari huchagua njia isiyokata misuli. Mara nyingi huanza kwa kupitisha uzi laini ndani ya mfereji na kuufunga kama pete, ili usaha uendelee kutoka na jipu lisirudi. Uzi huo huweza kukaa wiki au miezi, na mgonjwa huendelea na kazi zake. Baadaye mfereji hufungwa na kukatwa pale unapopita kati ya misuli miwili, mbinu iitwayo LIFT iliyobuniwa Thailand na kutangazwa mwaka 2007. Vinginevyo, tundu la ndani hufunikwa kwa kipande cha utando wa mahali hapo hapo.

Mbinu hizi hazifaulu kwa kila mtu. Kwa takriban wagonjwa watatu kati ya kumi, pengine zaidi, mfereji hurudi na upasuaji mwingine huhitajika. Hata hivyo misuli huwa bado mizima, na msuli uliokatwa ni vigumu kuurudisha ulivyokuwa.

Mwenye dalili hizi aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Anayehitaji daktari bingwa hupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret. Ambaye hajajiandikisha na SHA apige *147#. Uvimbe wenye maumivu makali pamoja na homa usingojewe hadi kesho. Aliyekohoa zaidi ya wiki mbili amweleze daktari kabla ya kupasuliwa, kwa kuwa kifua kikuu nacho huweza kusababisha fistula hii, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.