Nani Anamfuatilia Mzee Aliyedhulumiwa?

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu aliyefikisha miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Sheria ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani ya 2015 haiishii kwenye kipigo: matusi, vitisho, kumnyima mtu mali yake na kumzuia kuingia nyumbani kwake vyote ni dhuluma. Haki, basi, imeandikwa. Anachokosa mzee wa Kitui au Makueni ni mtu mmoja mwenye wajibu wa kuwa naye tangu anapolalamika hadi anapokuwa salama.

Chukua mfano wa mjane wa Tseikuru, Kitui, ambaye mwanawe hupokea pesa zake za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, asimpe, humpiga akiziulizia, na sasa anatafuta mnunuzi wa shamba. Mama huyo ataanzia kwa naibu wa chifu, aende polisi apewe nambari ya kitabu cha matukio (OB) na fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, aipeleke hospitali ijazwe, aende mahakamani kuomba amri ya ulinzi, apite ofisi ya ardhi kuzuia shamba lisiuzwe, kisha ofisi ya maendeleo ya jamii abadilishe jina la anayempokelea pesa. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba 30,000 hivi. Nauli peke yake yaweza kumeza malipo ya mwezi mzima. Kila mlango anaanza upya kueleza aibu ya kupigwa na mwana aliyemzaa, na kila ofisi ikimaliza kipande chake huhesabu kazi imekwisha. Hali hii ina mzizi katika ugatuzi: hospitali ziko chini ya kaunti, ilhali polisi, machifu, mahakama na Inua Jamii ni vya kitaifa, na hakuna mkubwa mmoja anayeulizwa kesi imefika wapi. Ndiyo maana sishangazwi na makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi hudhulumiwa kila mwaka, lakini ni kisa kimoja tu kati ya 24 kinachoripotiwa.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya mzee na watoto wake ni ya mbai, yaani ukoo, na kwamba kumfunga mwana ni kumwacha mama bila wa kumtekea maji. Hoja hii ina uzito kuliko wengi wetu tunavyokubali. Mama mwenyewe mara nyingi hataki mwanawe afungwe; anataka kipigo kikome na shamba libaki. Lakini hofu hiyo inatokana na kuonyeshwa njia mbili tu, kunyamaza au jela. Huduma zikishikana, njia za katikati zinafunguka: pesa zihamishiwe kwa mpokeaji mwingine, mahakama imwonye mwana kwa amri, kijana mlevi apelekwe kwa mshauri, na ukoo uombwe kutafuta wa kumsaidia mama maji na kuni. Ukoo una nafasi hapo. Usiachiwe uamuzi wote, kwa sababu wanaoketi kuamua huenda ndio wanaolitamani shamba, na kifungu cha 159 cha Katiba hakiruhusu maridhiano ya kimila yanayovunja haki za msingi.

Swali la gharama lina jibu jepesi zaidi. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wametandazwa nchini, kila mmoja akikabidhiwa takriban nyumba 100. Hao wanaweza kuona jeraha mapema. Kamati za watumiaji wa mahakama tayari huwakutanisha polisi, waendesha mashtaka na maafisa wengine. Afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo akiandikiwa rasmi kwamba faili la mzee ni lake, atakuwa na meza ya kulipeleka. Utaratibu wa namna hii si mgeni: mtoto aliyedhulumiwa tayari ana afisa wa watoto na simu ya 116.

Hata hivyo mfano wa mtoto una mpaka, na hapa nawaunga mkono wanaohofia siri kuvuja. Mzee mwenye akili timamu ni mtu mzima. Taarifa zake zisisambazwe bila ridhaa yake, hasa kijijini ambako mhamasishaji anaweza kuwa shemeji wa mshtakiwa. Kwa hiyo afisa amuulize mzee akiwa peke yake, kwa Kikamba, nani ajue na nani asijue. Na miezi mitatu baada ya amri kutolewa arudi kumuuliza tena, mwana akiwa hayupo, kabla ya kulifunga faili.