Kamera ya Kompyuta, Ngozi Nyeusi na Nuru ya Gisenyi

Mji wa Gisenyi, ulio kitovu cha wilaya ya Rubavu katika Jimbo la Magharibi la Rwanda, umekaa pale ambapo Ziwa Kivu linakutana na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa sababu hiyo kazi nyingi za wakazi wake humtegemea mtu wa upande wa pili: mshirika wa biashara aliyeko Goma, mfanyakazi wa shirika anayelala Rwanda na kushinda Kongo, mkalimani anayehamisha maneno kati ya Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Mpaka huo ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na baadaye volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na barabara mjini humo, shughuli ambazo zamani zilifanywa kwa kuvuka kizuizi zilihamia kwenye skrini, sebuleni au chumbani. Tangu hapo kamera ya kompyuta, ambayo wengi huiita webkamu, imekuwa chombo cha kazi kama kalamu, lakini wanunuzi wengi huichagua kwa kuhesabu pikseli tu, ilhali kinachoamua kama uso wa msemaji utaonekana au utageuka kivuli ni nuru ya chumba, na namna kamera inavyoipokea nuru hiyo inapotoka kwenye ngozi nyeusi.

Kamera za namna hii hazikuanza kwa ajili ya nyuso. Ile inayotajwa kuwa ya kwanza iliwekwa mwaka 1991 katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ili watafiti waliokaa vyumba vya mbali wajue kama birika la kahawa lina kitu kabla ya kujisumbua kulifuata, na mwaka 1993 picha zake zikaanza kuonekana kwenye intaneti. Mwaka 1994 kampuni ya Connectix ilianza kuuza QuickCam, kamera ndogo ya umbo la mpira iliyotoa picha isiyo na rangi, yenye vivuli 16 tu vya kijivu na upana wa pikseli 320 kwa kimo cha 240. Pikseli ni nukta moja ya picha, yenye rangi moja, na picha yoyote ya kompyuta ni nukta hizo zilizopangwa kwa safu.

Namba zinazoandikwa kwenye maboksi ya leo zinahesabu safu hizo. Kamera ya 720p hutoa nukta 1,280 kwa 720, yaani zaidi ya laki tisa. Ya 1080p hutoa 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Na ile inayoitwa 4K hupita milioni nane. Mnunuzi anayelipia 4K kwa ajili ya mikutano, hata hivyo, hulipia nukta ambazo kwa kawaida haziondoki nyumbani kwake, kwa kuwa programu za mikutano hubana na kupunguza picha kulingana na nguvu ya mtandao na idadi ya washiriki. Maelekezo ya Zoom yanataja takriban megabiti 1.2 kwa sekunde za kutuma, na kiasi kama hicho cha kupokea, kwa mazungumzo ya watu wawili katika 720p, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa 1080p. Kwa yule anayenunua bando la simu, hesabu hiyo maana yake ni kwamba saa moja ya mazungumzo ya 720p hula zaidi ya gigabaiti moja, kwenda na kurudi. Kamera ya 1080p inatosha kabisa, na hata ya 720p iliyotengenezwa vizuri humfaa mtu mwenye mtandao wa kusuasua kuliko kamera ya bei kubwa inayotuma picha iliyokatikakatika.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kihisi, yaani kipande kidogo kinachogeuza nuru kuwa umeme, na ukubwa wa kihisi hicho ndio unaostahili kuulizwa mwanzo, ingawa maboksi mengi hayautaji. Kihisi kinapokuwa kidogo na nukta zikawa nyingi, kila nukta hupata nuru kidogo mno, na kamera hulazimika kuikuza nguvu ya umeme wake, jambo linaloleta chengachenga zinazotambaa kwenye picha ya jioni. Kamera mbili zenye 1080p zilezile zinaweza kutofautiana sana saa kumi na mbili na nusu za jioni, hata kama saa nne asubuhi hazikuwa na tofauti yoyote.

Jambo la pili, ambalo kwa wasomaji wa eneo hili lina uzito kuliko yote, ni namna kamera inavyoamua kiasi cha nuru ya kuingiza. Kamera za kawaida hutazama picha nzima, hutafuta wastani wa mwanga wake, kisha hujirekebisha ili wastani huo uwe wa kati, si mweupe wala si mweusi. Mtu mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, kamera huona kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso wake ukazama gizani hata macho yasionekane. Akikaa mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, ambayo hutumika kujengea nyumba nyingi za Gisenyi na Goma, kamera huona giza, ikaongeza mwanga, na paji la uso likang'aa kupita kiasi. Kosa haliko kwenye ngozi wala kwenye jiwe. Ni kawaida ya kale ya teknolojia ya picha, ambayo kwa miongo mingi ilipimwa kwa uso mweupe, kama zilivyokuwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, ambazo maabara za kusafisha picha zilizitumia kusahihisha rangi.

Rwanda yenyewe imo katika ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha uchunguzi wao ulioitwa Gender Shades, wakitumia picha za wabunge 1,270 wa nchi sita, tatu za Afrika, yaani Rwanda, Senegali na Afrika Kusini, na tatu za Ulaya ya kaskazini, ili kupima programu za kibiashara zinazotambua jinsia kwa kutazama uso. Programu hizo zilikosea kwa wanaume weupe kwa kiasi kisichozidi asilimia 0.8, lakini kwa wanawake weusi kosa la mojawapo lilifikia asilimia 34.7. Uchunguzi huo haukuhusu kamera za mikutano, na hautoi hukumu juu ya bidhaa za leo, lakini unamhusu moja kwa moja mtu anayetaka kununua kamera inayojigamba kwamba humfuata msemaji anaposogea na kumweka katikati ya picha, kwa kuwa ufuatiliaji huo nao hufanywa na programu inayotafuta uso. Sifa hiyo isilipiwe kabla ya kuonekana ikifanya kazi kwa uso wa mnunuzi mwenyewe, tena katika mwanga hafifu.

Kabla ya kutoa faranga, basi, chumba chenyewe kitazamwe. Nyumba zinazolitazama ziwa zina dirisha kubwa upande wa maji, na wenyeji wengi hupenda mandhari hayo yaonekane nyuma yao. Alasiri, jua linaposhuka upande wa magharibi na maji yakaurudisha mwanga wake, hakuna kamera ya bei ya kawaida itakayoweza kuonyesha ziwa na uso kwa pamoja. Zipo kamera zenye uwezo wa kuunganisha mwanga mkali na giza katika picha moja, uwezo unaoandikwa HDR au WDR, nazo husaidia, lakini kugeuza meza ili msemaji alitazame dirisha, nalo liwe upande wa pili wa kompyuta, husaidia zaidi na hakuna gharama. Gisenyi iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo giza huingia baada tu ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mtu anayefanya kazi na ofisi ya New York, ambako wakati huo ndiyo kwanza adhuhuri inakaribia, lazima awe na taa. Taa ya mezani iliyoelekezwa ukutani mbele ya msemaji, ili mwanga urudi usoni ukiwa umetawanyika, inafaa kuliko balbu ya darini inayotia vivuli chini ya macho.

Taa hizo huleta tatizo jingine dogo ambalo huwafanya watu warudishe kamera nzima dukani wakidhani ni mbovu, nalo ni mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha. Umeme wa Rwanda, kama ule wa nchi jirani, hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi hupepesa mara 100 katika sekunde hiyo bila jicho kutambua, lakini kamera iliyopangwa kwa umeme wa Marekani, wenye mizunguko 60, hunasa mapepeso hayo kwa vipande visivyolingana. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya kamera au ya programu ya mkutano na kuchagua 50 Hz.

Upana wa lenzi hupimwa kwa digrii. Lenzi ya digrii 60 hadi 78 humtosha mtu mmoja aliyekaa mezani, ilhali ya digrii 90 na kuendelea huonyesha pia kitanda, nguo zilizoanikwa na mtoto anayepita. Maikrofoni ya kamera isitegemewe sana, hasa katika mvua za Machi hadi Mei zinapopiga mabati. Vipokea sauti vyenye maikrofoni karibu na mdomo hushinda.

Huenda mnunuzi akagundua kwamba hahitaji kununua kitu. Kamera ya nyuma ya simu ya kati kwa kawaida ina kihisi kikubwa na lenzi bora kuliko webkamu nyingi, na tangu 2022 kompyuta za Apple zimeweza kuitumia iPhone kama kamera bila waya, huku baadhi ya simu za Android 14 zikifanya hivyo kwa waya wa USB. Kinahitajika tu kishikio imara kwenye kimo cha macho, na chaja, kwa sababu simu hupata joto na huisha chaji upesi.

Anayeamua kununua aende dukani na kompyuta yake. Ziko kamera feki zinazoandikwa 1080p ilhali kihisi chake kina nukta 640 kwa 480 zilizotanuliwa na programu, na picha yake hufifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, hivyo ajaribu kusoma kwenye skrini herufi ndogo za gazeti lililoshikwa mbele ya kamera kwa umbali wa mkono. Kamera inayofuata kanuni ya pamoja ya USB hutambuliwa na kompyuta yenyewe ikichomekwa, bila programu ya kupakua. Kisha akae mgongo ukielekea mlango wa duka ulio wazi, atazame kama macho yake bado yanaonekana, aombe taa izimwe, apunge mkono aone kama unaacha mkia, na ahakikishe kuna kifuniko cha kuziba lenzi, kwa kuwa nyumbani chombo hicho kitatazama chumba cha familia hata mkutano ukiwa umekwisha.