Mzee Aliyeuliza Miche kwa Jina la Mwanawe

Wakulima wa mashamba ya makazi, yako mambo ambayo karani huyaona mezani pake kabla Bwana Shamba hajayaona shambani.

Mwaka jana mzee mmoja wa miaka 56 alifika ofisini kwetu Kipkelion mara tatu kuuliza habari za kitalu cha miche ya kahawa ya kuuza. Kila mara alisema anauliza kwa ajili ya mwanawe. Mara ya tatu nikamwomba amlete huyo kijana aandikishwe. Akanyamaza, kisha akasema, "Karani, kijana yuko Nairobi. Kitalu ni changu. Lakini wenzangu wa rika wakiniona nimekaa chini najaza udongo katika vifuko, watasema mzee amerudia michezo ya watoto."

Basi, si fedha iliyomzuia, wala si maji, kwani mto u karibu naye. Ni haya. Nayo huwazuia wengi wetu, ila twaivika nguo nyingine: mara umri umepita, mara mikopo ni mibaya, mara mvua za siku hizi haziaminiki.

Juu ya umri nilimwuliza habari za baba yake. Mpango wa makazi wa Ekari Milioni ulianza mwaka 1962, na mkulima alipewa miaka 30 kulipa deni la shamba. Baba yake alitia kidole gumba akiwa ameshapita miaka 40, baada ya ukibarua wa tangu ujana katika shamba la Mzungu. Angalihesabu umri wake, mwanawe leo asingalikuwa na pa kuweka kitalu.

Juu ya deni nilikubaliana naye. Mimi sipendi kuona mtu akiweka hati ya shamba rehani kwa kazi ambayo hajaijaribu. Tukahesabu kidogo: vifuko 300, kivuli cha nyasi juu ya fito, na mbegu za Batian, aina iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa Ruiru mwaka 2010. Hiyo hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mbegu huchipua kwa miezi miwili hivi, na mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima. Gharama yote aliiweza kwa fedha za maziwa.

Miche 70 ilioza kwa kumwagiwa maji mno. Alikuja amekasirika. Nikampeleka kwa Bwana Shamba, kijana wa kumzaa, naye akaketi, akasikiliza, akaandika katika daftari.

Iliyobaki inaendelea vizuri. Majirani wawili wa rika lake hilo hilo wameshaagiza.

Mwenye kutaka kibali cha kitalu na afike ofisini na kitambulisho chake. Asiseme ni cha mwanawe.