Mafunzo kwa vitendo: kijana wa Mugumu aanze kubisha hodi nyumbani

KILA mwaka, vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, vijana wetu hurejea Mugumu wakiwa na bahasha moja mkononi. Ndani yake mna barua ya chuo inayoeleza kwamba mwenye barua hiyo ni mwanafunzi, anatakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki kadhaa, na kwamba apokelewe na kupewa ushirikiano. Barua haisemi apokelewe na nani. Hilo wameachiwa kijana na wazazi wake, na wengi wetu huanza kulifikiria siku ile ile anaposhuka kwenye basi.

Tumechagua kulizungumza jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu uamuzi wake hufanyika nyumbani. Baba ndiye asemaye, "Nenda kwa ami yako Mwanza." Mama ndiye mwenye hofu binti yake asilale kambini. Kijana husikiliza, hunyamaza, na mara nyingi hurudi chuoni akiwa na ripoti iliyonakiliwa kwa mwenzake.

Kwanza tuweke maneno sawa. Aliye bado chuoni hufanya mafunzo kwa vitendo, ambayo vijana wenyewe huyaita fildi. Aliyekwisha kuhitimu akaingia ofisini kwa miezi kadhaa ili apate uzoefu huitwa mtarajali. Anayejifunza ufundi kwa kugawa muda wake baina ya darasa na mahali pa kazi ni mwanagenzi. Daktari mpya yeye hana hiari: ni lazima atumikie utarajali wa mwaka mmoja hospitalini. Mzazi akizijua tofauti hizi ataelewa mwanawe anabisha mlango upi.

Hesabu ya kwenda mbali

Kwa mazoea, wazo la kwanza huwa Mwanza, Arusha au Dar es Salaam. Tunasadiki kwamba ofisi kubwa ndiyo itoayo elimu kubwa. Hebu tupige hesabu. Kwa viwango vya miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya miaka ya karibuni, mwanafunzi mwenye mkopo hupewa fedha za mafunzo kwa vitendo shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Zote zikitoka, ni shilingi 560,000. Mwenye nyumba mjini hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, ilhali kijana anahitaji wiki nane tu. Basi hupelekwa kwa ndugu, akalala sebuleni, akapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Asiye na mkopo hutegemea mfuko wa baba peke yake. Na akifika katika ofisi hiyo kubwa hukuta wenzake chungu nzima, akakabidhiwa mashine ya kudurufu karatasi.

Hatusemi mtu asiende mbali. Yako masomo ambayo hayana pa kujifunzia hapa. Tunachosema ni kwamba kijana anayelala kwao, akala kwao na kwenda kazini kwa miguu ana mtaji ambao mwenzake wa mjini hana, nasi tumekuwa tukiuacha mtaji huo bila kuuhesabu.

Yaliyopo mlangoni petu

Mugumu ni makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Maana yake ni kwamba idara za halmashauri ziko hapa: fedha, mipango, ardhi, kilimo na mifugo, elimu, maendeleo ya jamii, manunuzi. Barua huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, hata kama mkuu wa idara unayoitaka ni jirani yenu. Kumwona jirani ni adabu njema, lakini barua ndiyo inayoingia katika jalada.

Kwa wanaosomea uuguzi, utabibu na maabara iko Hospitali Teule ya Nyerere, iliyo chini ya Kanisa la Mennonite, pamoja na chuo cha afya cha Kisare kilicho hapa hapa mjini. Wapo wazazi wanaosita kwa sababu ya jina la kanisa. Sisi hatuoni sababu ya kusita. Wake zetu hujifungua katika hospitali hiyo, na mgonjwa anayehudumiwa ni mja wa Mwenyezi Mungu, awe wa dini yoyote.

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii, huyu ndiye tunayemsihi asiikimbie Mugumu kabisa. Ukeketaji katika mkoa wetu wa Mara si habari ya vitabuni. Kila ukaribiapo mwezi wa Desemba wasichana hukimbia makwao, na hapa Mugumu ipo nyumba salama inayowapokea. Maafisa wa ustawi, polisi wa dawati la jinsia, mahakama, walimu na wazee wa mila wote hukutana juu ya mtoto mmoja. Mwanafunzi atakayekaa wiki nane akitazama jinsi shauri moja linavyotoka kwa mwenyekiti wa kitongoji hadi mahakamani atakuwa amejifunza jambo ambalo wenzake wa Dar es Salaam hulisoma tu. Mwanafunzi wa sheria naye alifikirie hili.

Kisha iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na lango lake la Ikoma liko upande wetu. Pembeni mwake yapo mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona inayomilikiwa na vijiji, Robanda kikiwamo. Wanaosoma Mweka au Pasiansi wanayajua maeneo haya vizuri. Lakini wengi hudhani hifadhi ni ya wanaosomea wanyamapori pekee. Kambi ya wageni ina mhasibu, ina mtunza stoo, fundi umeme, fundi magari, mtu wa kompyuta na mtu wa maji safi na majitaka. Jumuiya ya Ikona hupokea fedha za utalii na kuzigawia vijiji, na fedha zigawiwapo, mwanafunzi wa uhasibu ana la kujifunza.

Hapa pana jambo la majira ambalo lisipoangaliwa hupoteza nafasi. Likizo ndefu ya vyuo huangukia Julai hadi Oktoba, na huo ndio wakati nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti wakivuka Mto Mara, na wageni wamejaa. Kambi zinahitaji mikono wakati huo huo kijana anapohitaji nafasi, ila meneja aliyezidiwa na wageni mwezi Julai hana nafasi ya kusoma barua. Barua imfikie Machi au Aprili, wakati wa mvua za masika, kambi zinapokuwa tulivu na mipango ya msimu inapangwa. Kijana akiwa chuoni, baba au kaka anaweza kuipeleka. Kwa nafasi za hifadhini, iliyo chini ya TANAPA yenye makao makuu Arusha, aulize mapema barua ielekezwe wapi.

Upande wa Tarime uko mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo. Kanuni za madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinataka kampuni za madini zitoe mafunzo kwa wananchi. Anayesomea jiolojia, uhandisi au mazingira aijue kanuni hiyo kabla ya kuandika.

Halali, haramu na saa za sala

Tufike kwenye lililo zito. Kambi za wageni zina baa. Mafundisho ya Mtume (S.A.W) kuhusu pombe hayamgusi mnywaji peke yake, yanamgusa anayeimimina na anayeibeba. Kwa hiyo mwanafunzi wa hoteli asikubali kupangwa baa au kuhudumia vinywaji mezani, na hili aliseme kabla ya kuanza. Kazi za mapokezi, hesabu, ufundi, bustani na usafi wa vyumba zina mjadala miongoni mwa wanazuoni, na kila familia imwendee sheikh inayemwamini. Unguja, ambako karibu wote ni Waislamu na utalii ndio uti wa mgongo, swali hili limeulizwa zamani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinaendesha uanagenzi wa hoteli, na vijana wa Kiislamu wanasoma humo.

Wanaosomea benki wana mtihani wao. Benki ya Amana, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, haina tawi Mugumu. Hapa safari ya Mwanza ina maana. Vinginevyo, mwanafunzi wa fedha atazame halmashauri au maduka ya jumla, ambako hesabu ni zile zile bila riba.

Kuhusu sala, tunaona hofu imezidi ukubwa wa jambo. Adhuhuri kwetu huingia karibu na saa saba mchana, wakati wa chakula. Linalohitaji kuombwa ni dakika kumi za Alasiri, na Ijumaa. Kijana aseme waziwazi siku ya kwanza: "Shikamoo mkuu. Mimi ni Mwislamu. Naomba dakika kumi mnamo saa kumi jioni niswali, na siku ya Ijumaa niende msikitini nirudi saa nane. Muda huo nitaufidia asubuhi." Msimamizi aliyeambiwa mapema ni nadra kukataa. Anayemwona kijana akitoweka kila alasiri bila maelezo humwandika mvivu. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa (A.S) alipokubaliana na mzee wa Madyan, muda wa miaka minane, na miwili ya hiari juu yake, ulitajwa kabla ya kazi kuanza.

Na mabinti

Mzazi anayekataa binti yake asilale kambini ana haki ya kuuliza. Wanawake wanalala wapi? Mlango unafungwa kwa ndani? Usafiri wa kurudi Mugumu uko siku gani? Msimamizi wake ni nani, na yuko mwanamke wa kumwendea? Majibu yakiridhisha, amruhusu. Yasiporidhisha, amtafutie mahali pengine mjini, lakini asimrudishe jikoni akadhani amemhifadhi, kwa maana bila mafunzo hayo hatahitimu.

Liko jambo ambalo familia zetu huona aibu kulitamka. Mtu mwenye mamlaka anayemtaka binti kimwili ili ampe nafasi, au ili amsainie daftari lake la kazi, ametenda kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Binti aambiwe hili na mama yake kabla ya siku ya kwanza, ajue pia kwamba akirudi nyumbani na habari hiyo hatalaumiwa yeye. Vivyo hivyo, anayedai fedha kwa simu ili akupatie nafasi ni tapeli. Wahitimu wanaotafuta utarajali hujiandikisha kwa TaESA, bila kumpa mtu chochote.

Sasa tuwageukie wenye maduka

Msikitini hapakosi lalamiko kwamba vijana wetu hawaajiriwi. Lakini nani kati yetu aliyempokea hata mmoja? Waislamu wa Mugumu na Tarime wana maduka ya vifaa vya ujenzi, vituo vya mafuta, gereji, maduka ya dawa, mabasi na mashine za kusaga. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kukupangia daftari la madeni ambalo hujalifungua tangu Ramadhani iliyopita. Anayesomea ugavi atakuhesabia stoo. Wapo wanaosema, "Atajua siri za biashara yangu." Kama siri hiyo ni kodi isiyolipwa, hapo kijana siye wa kulaumiwa.

Kumpokea si kumpa mshahara. Ni kumpa msimamizi mmoja anayejua kazi, chakula cha mchana, na nauli ikiwezekana. Ni kumsainia daftari lake kila wiki kwa ukweli, na mwisho kumwandikia barua inayotaja alichofanya. Akifanya kazi ya mwajiriwa kamili miezi mitatu baada ya mafunzo kwisha, hapo alipwe, na alipwe kwa wakati.

Tunapendekeza kwa maimamu na ofisi za BAKWATA za wilaya kitu kisichogharimu zaidi ya kalamu. Msikiti ufungue daftari lenye pande mbili, moja la wanafunzi na masomo yao, la pili la wenye biashara na idadi wanayoweza kupokea. Lisomwe baada ya sala ya Ijumaa mwezi Februari, ili barua ziwe zimefika kabla ya masika kwisha.