Barua kwa Maliwali

Somo: Nehemia 2:1-9



Jioni moja mzee wa kanisa alinijia nyumbani hapa Mwakirunge. Tulikuwa tukimngojea mwalimu wa Biblia kutoka Uingereza, aje akae nasi mwaka mmoja kuwafundisha wainjilisti wetu. Mzee akasema, "Baba Kasisi, mbona twahangaika na vibali? Andika kwamba anakuja kutembea tu. Mshahara hapokei, na kazi yenyewe ni ya Mungu."

Nakiri mbele yenu kwamba niliiandika barua hiyo. Ilibaki kutiwa sahihi.

Usiku ule nikafungua kitabu cha Nehemia. Mtu huyu alifunga na kuomba kwanza. Kisha, alipopata kibali machoni pa mfalme, akaomba apewe barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, wamruhusu kupita mpaka afike Yuda. Kazi yake ilikuwa ya Mungu, wala hakupita mpakani kwa hila. Sala haikumzuia kuomba barua, na barua haikumfanya aache kusali.

Hata sisi wa pwani tumeona jambo hilo. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Church Missionary Society, alifika Unguja kwa Sayyid Said. Sultani alikuwa Mwislamu, lakini alimpa Krapf barua kwa maliwali wake, wamtendee wema. Ndipo Krapf akakaa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe, Rosine, akafariki, na kaburi lake liko upande wetu huu wa bara. Aliyekuwa tayari kutoa vyote kwa ajili ya Injili hakuona aibu kuomba ruhusa.

Je, leo njia ni ipi? Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 yataka mgeni afanyaye kazi awe na kibali, hata kama hapati faida. Ruhusa ya kuingia nchini kwa matembezi haimpi mtu haki ya kufanya kazi. Kwa watumishi wa dini na wa misaada kuna kibali cha Daraja I. Kwa kazi ya miezi michache kuna Pasi Maalum. Maombi hupelekwa Idara ya Uhamiaji kwa mtandao, pamoja na pasipoti, picha, hati za elimu, cheti cha kuandikishwa kwa kanisa au shirika, na barua ya kanisa ieleze kazi yenyewe. Anayekaa zaidi ya siku 90 hujiandikisha pia, apewe kitambulisho cha wageni. Basi anzeni mapema, kabla mgeni hajakata tiketi. Na barua ya kanisa iseme kweli.

Ile barua yangu niliichana. Mwalimu wetu alichelewa miezi mingi. Darasa halikuanza kwa wakati, na mzee wetu alininunia. Lakini mgeni alipofika, alisimama mbele yetu bila hofu ya mtu kubisha hodi. Siku alipofundisha Amri Kumi, alipofika ile ya tisa, ya kutomshuhudia jirani uongo, nilimtazama mzee, naye akanitazama. Angewezaje kuifundisha amri hiyo hali amesimama juu ya uongo wetu?

Ndugu msikilizaji, pengine wewe hungojei mgeni. Lakini huenda iko barua mezani kwako, ya kazi, ya shamba au ya karo, na imebaki sahihi tu. Isome tena usiku wa leo mbele za Mungu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyempa Nehemia kibali mbele ya mfalme, utupe uvumilivu wa kungoja na ujasiri wa kusema kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.