Kabla hujavuta intaneti hadi chumba cha vijana

KARAGWE. Nyumba nyingi za Kituntu zimejificha ndani ya kibanja. Mbele ipo nyumba kubwa ya bati. Nyuma, ukipita migomba na mibuni, kuna jiko na chumba wanacholala vijana. Intaneti inashika vizuri sebuleni, lakini ukifika chumba cha nyuma inakatakata. Kijana anakuja na ombi: "Baba, tuvute na kule."

Ombi hilo si baya, hasa kwa mwanafunzi. Ila mzazi ana mambo mawili ya kuamua: mtandao utapita wapi, na usingizi wa mtoto utalindwaje.

Mawimbi ya Wi-Fi hupungua kadiri yanavyokwenda mbali. Bati huyarudisha, na migomba, ambayo imejaa maji, huyanyonya. Kwa hiyo anza na hatua isiyo na gharama: hamishia ruta kwenye dirisha linalotazama chumba cha nyuma, kisha chagua masafa ya gigahezi 2.4, yanayofika mbali kuliko ya 5. Ukinunua kifaa cha kuongeza mawimbi, usikiweke chumba cha mbali, maana kitasambaza udhaifu ule ule. Kiweke mahali ambapo simu bado inashika vizuri.

Waya wa mtandao ni wa uhakika zaidi, ilimradi usizidi mita 100. Ufukie ndani ya bomba la plastiki ili jembe lisiukate, na usiupitishe bomba moja na waya wa umeme. Umeme wa chumba hicho nao uwekwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kupitisha nguvu ya radi kutoka jengo moja hadi jingine. Faiba isiyo na chuma ndani haina hatari hiyo. Vyovyote utakavyochagua, mawingu yakianza kutanda chomoa ruta na chaja mapema, na mtoto asishike simu iliyo kwenye chaji.

Linabaki suala la usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule anapaswa awe amelala saa 3 usiku ili apate hizo 8. Chumba kikiwa mbali, mzazi haoni mwanga wa simu wala kusikia video.

Kwa hiyo ruta ibaki nyumba kubwa, mikononi mwa mzazi, na izimwe kwa saa mliyokubaliana. Simu zote zichajiwe sebuleni usiku. Mwambie pia mwanao kwamba mtu wa mtandaoni akimtishia au kumwomba picha za mwili, aje akuambie bila kuogopa kunyang'anywa simu. Akishindwa kukuambia, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.