Muhogo Huanza Kuharibika Shambani

Kata muhogo uliochimbwa juzi. Kwa nje ganda ni zuri, ukiuminya ni mgumu, lakini kisu kikishapita unakutana na mistari ya buluu iliyokolea, karibu nyeusi, imezunguka ule weupe kama mishipa. Ukiuchemsha hauivi vizuri. Unabaki mgumu, na mara nyingine mchungu. Muuzaji atakwambia umeoza. Haujaoza bado. Kwa siku hizi mbili tatu za mwanzo kuvu na bakteria hawana kosa: muhogo umejiharibu wenyewe.

Chanzo ni jeraha. Jembe likiukwaruza, au mkia ukikatika wakati wa kung'oa, oksijeni hupenya ndani. Dakika chache tu baadaye seli zilizoumia huanza kutoa kemikali kali, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetulia huamka. Ndani ya siku moja muhogo hujirundikia kitu kiitwacho skopoletini, ambacho kikimulikwa kwa taa ya miale ya urujuanimno hung'aa buluu. Kimeng'enya kiitwacho peroksidasi kikishakigusa, ndipo mirija ya muhogo inapopiga weusi. Kuvu hufuata siku kadhaa baadaye, na hapo sasa ndipo kuoza kwenyewe.

Kiazi kitamu kimejaliwa zaidi, kwa sababu kinajua kufunga kidonda. Kikikaa siku 4 hadi 7 kwenye joto la nyuzi 30 hivi na hewa yenye unyevu mwingi, huota gamba jipya juu ya jeraha. Joto la namna hiyo watu wa Pwani wanalo bure. Rundo lililowekwa kivulini, likafunikwa kwa nyasi, bila kuoshwa, linatosha. Lakini sisi tunachimba asubuhi, tunashindilia gunia la lumbesa mchana, na usiku viazi vinarushwa ndani ya lori. Inaniuma kuona jasho la mkulima likipotea hivyo, kisha lawama zikaangukia ghala.

Kwenye jeraha lisilopona huingia kuvu wa jamii ya raizopasi, jamaa wa yule anayeota kwenye mkate uliochacha. Ganda zima humshinda. Akipata mwanya, hutanguliza vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoshika seli pamoja, kisha nyuzi zake hufuata njia iliyokwisha kulainishwa. Kiazi huwa tepetepe, hutoa maji yenye harufu ya pombe, na juu yake huota manyoya meupe yenye vichwa vyeusi.

Hapa naomba akina mama na baba lishe wanisikilize. Kiazi kitamu kinaposhambuliwa na baadhi ya kuvu hutengeneza sumu kujilinda. Mojawapo, ipomeamaroni, hudhuru ini. Nyingine za ukoo huo zimewahi kuua ng'ombe waliolishwa viazi vyenye ukungu, mapafu yakashindwa kazi. Sumu hizo huweza kufika hata sehemu inayoonekana safi kando ya doa, na kuchemsha hakuziondoi zote. Usikate doa ukapika kilichobaki, wala usimpe mfugo. Kitupe. Na kizima nacho usikiweke kwenye friji: chini ya nyuzi 12 hivi hupatwa na baridi, moyo wake ukawa mgumu, kikaoza upesi.

Kwa muhogo, dawa ni kuunyima hewa. Wazee waliouacha ardhini hadi siku ya kupika, au wakaufukia kwenye mchanga wenye unyevu, walikuwa wanafanya hivyo hasa. Kukata mashina wiki 2 au 3 kabla ya kuchimba, mizizi ikibaki ardhini, nako huchelewesha weusi. Anayetaka makopa amenye na kuanika siku ileile, vipande vyembamba, juu ya kichanja. Makopa yanayokauka polepole huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu.

Sokoni, mnunuzi mzoefu huvunja mkia wa muhogo aone weupe kabla ya kulipa. Akiurudisha kwenye rundo, tayari una jeraha jipya, na ungefaa upikwe jioni hiyohiyo.